Kiwavi Kwanza, Nondo Baadaye: Kumbukumbu za Njiani

Jumatatu

Tumeondoka alfajiri, na jua lilipochomoza tulikuwa tumeshaviacha vichaka vya bondeni. Mabegi ni mazito kwa sababu ya betri za taa. Tuko wawili: mimi nafuata wadudu, mwenzangu anafuata mimea. Tumepanga hivyo kwa makusudi. Anayetafuta viwavi wenye manyoya bila mtu wa mimea ubavuni ataishia kuandika rangi tu, na rangi ya kiwavi ni ushahidi dhaifu kuliko wote. Leo ni kahawia mtupu. Akijivua ngozi keshokutwa, ana ukanda mweusi mgongoni.

Tunaowatafuta ni nondo-chui na watoto wao. Wataalamu huliita kundi hili Arctiinae. Zamani lilihesabiwa kuwa familia inayojitegemea, Arctiidae, lakini siku hizi limeingizwa ndani ya familia kubwa ya Erebidae. Ukikuta kitabu cha zamani kinatumia jina la kwanza, usikitupe, wadudu ni wale wale. Spishi zinazojulikana zinakaribia 11,000 na zimeenea kila bara isipokuwa Antaktika. Kwa wingi huo, mtu anayeahidi kutaja kila nondo kwa jina kamili kwa kutazama picha moja ana ujasiri nisioutamani.

Leo ni siku ya kupanda tu. Kitu kimoja kilitusimamisha: kiwavi mweusi, manyoya tele, akikatiza njia mchana kweupe kwa mbio. Ndiyo, mbio. Viwavi wengi hutambaa kwa kujivuta, lakini hawa wa nondo-chui wakiamua kwenda wanakwenda. Mwenzangu aliinama kutafuta mmea anaoula, nikamwambia asijisumbue. Kiwavi mkubwa anayekimbia ardhini mchana mara nyingi ameshamaliza kula, anatafuta pa kufuma kifukofuko. Mmea wake unaweza kuwa nyuma yake kwa hatua nyingi. Tulimpiga picha tatu, ya juu, ya ubavu na ya kichwa, tukamwacha avuke.

Jumanne

Siku nzima ukingoni mwa msitu, na hatukuwa na haja ya kwenda mbali. Mpaka kati ya miti na nyasi ndio wenye mimea mingi laini, na viwavi wa nondo-chui wengi hawachagui sana. Wanakula hiki na kile, jani hapa, jani pale, hata siku moja wanaweza kupita kwenye mimea kadhaa.

Namna ya kuwatafuta haina siri. Usitazame kiwavi, tazama alichokifanya. Jani lenye tundu au lililotafunwa pembeni, kisha jani la chini yake: kuna vipunje vyeusi vya kinyesi? Kama ni vibichi na vinang'aa, mwenyewe yuko juu yake, aghalabu upande wa chini wa jani. Kabla saa tatu asubuhi tulikuwa na viwavi wa manyoya wa aina nne kwenye vikopo, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa sababu si kila mwenye manyoya ni nondo-chui.

Kioo cha kukuzia kilifanya kazi kuliko kamera. Kwa nondo-chui, manyoya hayaoti ovyo. Kila pingili ya mwili ina safu ya vichunjua vilivyoinuka, na kila kichunjua kinatoa kishungi cha singa zinazotawanyika pande zote. Ukipuliza taratibu manyoya yakafunguka, vichunjua vinaonekana wazi. Huyu wa kwanza, kahawia iliyoiva, alikuwa navyo. Kichwa chake ni cheusi, kinang'aa, na nilipomgusa kwa kijiti alijikunja duara akadondoka kikoponi, akatulia. Dalili zote tatu zinakwenda pamoja: vichunjua, mbio, kujikunja.

Wa pili alikuwa mzuri kuliko wote na ndiye anayewapoteza wengi. Mgongoni ana vishungi vinne vilivyokatwa sawasawa kwa juu, na manyoya marefu yametokeza mbele na nyuma. Huyu ni wa kundi la Lymantriinae. Alama ya kumkamata ni vitezi viwili vidogo vya rangi kali, vyekundu au vya machungwa, katikati ya mgongo karibu na mkia, kwenye pingili ya sita na ya saba ya tumbo. Nondo-chui hana. Ukiviona hivyo, funga kikopo bila kumshika, maana manyoya ya jamaa hawa yanajulikana kwa kuwasha ngozi.

Wa tatu alikuwa mrefu, amejilaza kwenye kijiti, na manyoya ya ubavuni yananing'inia hadi yanaificha miguu yote. Hiyo ni familia ya Lasiocampidae. Wao manyoya yao yametapakaa mwilini, hayakujikusanya kwenye vichunjua. Wa nne alikuwa nondo-chui tena, mdogo, kijivu, yuko chini ya jani moja pamoja na ndugu zake.

Hao ndugu wamenichukulia saa nzima. Walitoka kwenye mayai yale yale, maganda bado yamebaki kwenye jani, lakini wengine walikuwa wamejivua ngozi mara moja zaidi ya wenzao na walishakuwa na mstari wa njano ubavuni. Mtu angewakuta mmoja mmoja kwenye mimea tofauti angeandika spishi mbili.

Kuna mfano wake mashuhuri Amerika Kaskazini. Kiwavi wa Pyrrharctia isabella ni mweusi mbele na nyuma, na katikati ana ukanda wa kahawia nyekundu. Wako wanaoamini kwamba upana wa ukanda huo unatabiri ukali wa baridi inayokuja. Mwaka 1948 Charles Curran, mtaalamu wa wadudu wa jumba la makumbusho ya maumbile la New York, alianza kwenda Bear Mountain kuhesabu pingili za kahawia, na magazeti yakaipenda habari ile kuliko alivyotarajia. Ukweli ni kwamba ukanda hupanuka kadiri kiwavi anavyojivua ngozi. Unasema umri wa kiwavi, hausemi lolote kuhusu theluji. Ila nakiri habari hiyo imewafanya watu wengi wainame kutazama kiwavi, na hilo si haba.

Kuhusu kushika. Utasikia kwamba viwavi wa nondo-chui hawadhuru. Wengi wao ndivyo, lakini si sheria. Kwenye mashamba ya mpira ya Amazonia ya Brazili kuna kiwavi wa Premolis semirufa, nondo-chui halisi, na singa zake zimewaharibu wagema viungo vya vidole hadi vikakakamaa. Kwa hiyo mimi hutumia brashi laini ya rangi au humwacha kiwavi apande mwenyewe kwenye jani. Na kamwe sisugui macho kabla ya kunawa.

Nimewachukua wawili wa kahawia wa kuwafuga, pamoja na majani ya mmea tuliowakuta nao. Mwenzangu ameweka tawi moja lenye ua kwenye karatasi za kukaushia. Bila ua, anasema, hata yeye hataji jina.

Jumatano

Mvua kuanzia alfajiri hadi alasiri. Tumeshinda kwenye hema la kambi ya juu, tukikausha vitu. Viwavi wawili wamekula majani yote, nimewabadilishia karatasi ya chini na kuwapa mapya yaliyofutwa maji. Unyevu wa kopo lililofungwa huua viwavi wengi kuliko njaa. Boksi lenye wavu upande mmoja ni bora kuliko kopo la plastiki, hata kama majani yatanyauka haraka.

Usiku ulikuwa mwingine. Mvua imekatika, hewa ni ya joto na nzito, hakuna upepo, mwezi haupo. Hakuna hali nzuri zaidi ya kutega taa. Tulifunga shuka jeupe kati ya miti miwili, chini tukalitandaza lifike ardhini mbele na nyuma, taa ya urujuanimno ikaning'inia katikati.

Saa ya kwanza walikuja wadogo wasiohesabika, kumbikumbi, na mende wawili wenye kelele. Nondo-chui walianza taratibu, kisha wakawa wengi. Weupe wenye nukta nyeusi, wa njano mpauko, mmoja wa rangi ya chai yenye mistari. Wakitua huyakunja mabawa kama paa la nyumba juu ya mgongo, na kifua kimejaa manyoya mazito hadi kichwa kinazama ndani yake.

Hawa weupe wenye nukta ndio mtihani. Wapo wengi wanaofanana, jenasi ya Spilosoma na jirani zake, na nukta za bawa la mbele hubadilika kati ya nondo na nondo hata wa mama mmoja. Kwa hiyo sianzii hapo. Ninachotafuta ni vitu ambavyo nondo akitua anavificha: bawa la nyuma, rangi ya tumbo, na miguu ya mbele. Tumbo ni la njano, jekundu, au jeupe? Nukta nyeusi zake ziko safu ngapi? Paja la mguu wa mbele lina rangi? Kijiti chembamba kikisukuma bawa la mbele polepole, nondo wengi hujifungua wenyewe, kwa sababu kuonyesha rangi kali iliyofichwa ndiyo njia yao ya kumtisha adui.

Anayetaka kuona jambo hilo likifanywa kwa mbwembwe amtazame Arctia caja wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, ambaye Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeanzisha utaratibu wa majina ya kisayansi, alimpa jina mwaka 1758. Mabawa ya mbele yana mtandao wa kahawia na nyeupe ambao hautofautiani sana na vivuli vya majani makavu. Akishtuliwa, anayasukuma mbele, na nyuma yake yanatokea mabawa ya machungwa yenye madoa ya buluu iliyokaribia weusi. Na hata kwake, madoa hayo hutofautiana mno kati ya nondo mmoja na mwingine.

Kisha popo. Walianza kuzunguka taa baada ya saa nne, wakichota nondo hewani. Lakini sikuona hata mmoja akichukua wale weupe, na nilikaa nikiangalia kwa makusudi. Nondo-chui wana masikio kifuani, nyuma ya mabawa, yanayosikia sauti za juu za popo. Wengi wana pia kiungo kingine pembeni mwa kifua, kigamba chenye mikunjo kinachobonyea na kurudi kwa kasi, na kila mkunjo unatoa mlio mfupi usiosikika kwa sikio letu. Kwa spishi zenye sumu, mlio huo ni onyo: popo aliyewahi kumwonja mmoja akamtema anaukumbuka mlio huo. Nondo mmoja wa Arizona, Marekani, Bertholdia trigona, amekwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 watafiti Aaron Corcoran, Jesse Barber na William Conner walionyesha kwamba milio yake, inayofikia 4,500 kwa sekunde, humvuruga popo asiweze kupima umbali wa windo lake. Popo anafika, anapiga hewa.

Tulizima taa baada ya saa saba usiku. Ukiiacha hadi asubuhi, ndege watajifunza njia na watafagia shuka kabla hujaamka.

Alhamisi

Mchana tulilala. Jioni ilikuwa zamu ya jaribio la mwenzangu, ambalo nilikuwa na shaka nalo.

Siku ya kupanda alikuwa ameng'oa mimea kadhaa ya Heliotropium iliyojaa kando ya njia, pamoja na mizizi, akaifunga kitita, akaiacha ikauke juu ya begi. Mimea hii ina alkaloidi za pirolizidini, sumu chungu ambazo wanyama wengi wanaokula majani huzikwepa. Nondo-chui kadhaa hufanya kinyume, wanazitafuta. Mmea ukinyauka hutoa harufu inayosafiri mbali, na kwa baadhi ya nondo wazima mvuto wake unashinda ule wa taa. Tulining'iniza kitita kwenye tawi, mbali na shuka, tukaketi gizani na tochi yenye karatasi nyekundu.

Haikupita saa moja. Alikuja nondo mkubwa, mabawa marefu yenye sehemu zinazopitisha mwanga, akatua juu ya mizizi, akatoa mrija wake, akaanza kulowesha mzizi mkavu kwa majimaji yake na kuyanyonya tena. Kisha wa pili. Nilipommulika vizuri, tumbo lilikuwa jekundu. Amerila, bila shaka yoyote kwa jenasi.

Kwa spishi sikuwa na haraka, ila nilitaka kuona jambo moja. Nilimshika mmoja kwa upole kwenye mabawa. Nyuma ya kichwa chake, pande zote mbili, lilianza kuchemka povu la rangi ya manjano, likaumuka hadi likafunika kichwa, na lilitoka na sauti, mvumo wa hewa unaosikika waziwazi. Mzee anayelinda kambi alikuwa amekuja kuona tunachofanya gizani. Akarudi hatua moja.

"Mwanangu, muweke chini. Huyo kakasirika."

"Hang'ati, mzee. Ni povu tu."

"Povu tu, na bado unalikunjia uso," akasema, na alikuwa sahihi. Linanuka vibaya. Nikamrudisha nondo kwenye mzizi wake, na baada ya muda mfupi alikuwa ananyonya tena.

Kuhusu kwa nini anazitaka alkaloidi, jibu halijaishia kwenye kujikinga. Madume wa nondo-chui kadhaa hutengeneza harufu ya kuwavutia majike kutokana na alkaloidi hizi hizi. Kwa jenasi ya Creatonotos, dume ana mirija inayokunjuka mkiani anayoijaza hewa jioni ikatokeza minne, mirefu, yenye manyoya, mikubwa hadi mtu asiyejua hudhani nondo ana ugonjwa. Watafiti Boppré na Schneider walichapisha mwaka 1985 kwamba ukubwa wa mirija hiyo unategemea alichokula dume akiwa kiwavi. Aliyekula mimea yenye alkaloidi anakuwa nayo kamili yenye harufu. Aliyefugwa bila alkaloidi hizo anakuwa na vijirija vidogo visivyo na harufu hiyo. Kwa mtambuzi hili ni onyo la wazi: usiandike spishi mbili kwa sababu ya kiungo kinachotegemea chakula.

Nimekubali. Safari ijayo kitita kitakuwa kwenye begi langu mimi.

Ijumaa

Ndani ya msitu, kutazama magome. Hakuna mandhari, shingo inauma.

Siyo nondo-chui wote wanaokula majani. Kabila la Lithosiini hula laikeni na mwani, ule utando wa kijivu na kijani unaoota kwenye magome na mawe, na viwavi wao ni wadogo, wenye singa chache ndefu, rangi ya gome lenyewe. Njia ya kuwaona ni kusogeza macho karibu na shina kisha kutulia hadi kitu kisogee.

Hakikusogea kiwavi. Tulichokiona ni kifukofuko cha Cyana, jenasi ya kabila hilo, na kwa hicho ningepanda mlima mara nyingine. Kiwavi huyu akikaribia kugeuka pupa huzing'oa singa zake ndefu, huzipanga moja moja na kuziunganisha kwa hariri zikawa kizimba chenye matundu, dema dogo lililobandikwa kwenye gome, na pupa ananing'inia katikati bila kugusa kuta. Ndani unamwona mzima. Nilihesabu vyumba vya wavu hadi mwenzangu akaniita kula. Hakuna haja ya kumsubiri nondo ili kuandika jina la jenasi, maana kizimba cha namna hiyo kinamtaja mwenyewe.

Viwavi wengine wa nondo-chui pia huchanganya manyoya yao kwenye hariri, ila hao hufuma kitu kizito kisichopitisha jicho.

Jumamosi

Kushuka. Jua kali, na baada ya siku za kivuli macho yanauma.

Chini kabisa, mahali palipolimwa zamani na kuachwa, kuna marejea wengi, jenasi ya Crotalaria, maua ya njano na maganda yanayolia yakikauka. Hapo hatukuhitaji taa wala usiku. Kila hatua inawainua nondo wadogo weupe wenye nukta nyekundu na nyeusi, wanaruka kidogo, wanatua tena kwenye nyasi. Utetheisa. Yule aliyeenea zaidi Afrika na kusini mwa Ulaya ni U. pulchella, lakini ana ndugu anayefanana naye sana, U. lotrix, na wawili hao wanaweza kukutwa sehemu moja. Picha ya juu peke yake haitoshi kuwatenga kwa uhakika. Nimeandika Utetheisa na kuishia hapo.

Viwavi wao wako kwenye maua na maganda, na hawa ni somo kwa anayedhani nondo-chui lazima awe na manyoya mazito. Singa ni chache, ngozi yote inaonekana: kijivu kilichoiva, mistari myeupe, na vipande vya machungwa kila pingili. Haina maana kujificha ukiwa mchungu. Nilipasua ganda lenye tundu pembeni, nikamkuta mmoja ndani akila mbegu mbichi.

Kwenye mbegu ndiko kuna hazina. Thomas Eisner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walitumia miaka mingi kumsoma Utetheisa ornatrix wa Amerika, na picha waliyoitoa ni kamili kuliko ya nondo-chui mwingine yeyote ninayemfahamu. Kiwavi anaihifadhi alkaloidi mwilini hadi utu uzima. Dume anampa jike sehemu ya akiba yake wakati wa kujamiiana, na jike anaitia kwenye mayai pamoja na akiba yake mwenyewe, kwa hiyo mayai yanakingwa na wazazi wote wawili. Jike anamtambua dume mwenye akiba kubwa kwa harufu yake. Na nondo akinaswa kwenye utando wa buibui mkubwa wa Nephila, buibui anakuja, anamgusa, kisha anazikata nyuzi mwenyewe na kumwacha aende.

Tuliketi karibu na utando mmoja mkubwa kati ya marejea kwa muda mrefu, tukitumaini. Nzi walinaswa. Panzi alinaswa. Utetheisa walipita juu na chini yake bila kugusa uzi.

Jumapili

Siku ya kupanga kumbukumbu, na boksi la ufugaji lina habari mbili.

Kiwavi mmoja wa kahawia wa Jumanne amefuma. Kifukofuko ni cha hudhurungi, kimebandikwa kwenye pembe, manyoya yake yote yameingia kwenye hariri. Wa pili amekufa, na kando yake kuna kijipipa chekundu cheusi, laini, chenye urefu wa milimita saba hivi: ni pupa wa nzi wa familia ya Tachinidae. Funza wake alikuwa akila ndani ya kiwavi tangu kabla hatujamchukua, na huku nje kiwavi aliendelea kula majani kama kawaida hadi juzi.

Sikumtupa. Pupa wa nzi amewekwa kopo lake, kwa sababu nzi huyo akitoka pamoja na jina la kiwavi na mmea ni rekodi yenye thamani kuliko nondo mwingine mweupe kwenye shuka. Na vita hii ina pande mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Michael Singer na wenzake ulionyesha kwamba viwavi wa nondo-chui wa Arizona, Apantesis incorrupta, wakishavamiwa na funza wa nzi hawa hula zaidi alkaloidi za pirolizidini, na wanaofanya hivyo hupona kwa wingi zaidi. Wasio na funza wakila sumu hiyo kwa wingi hudhurika. Kwa maneno mengine ni dawa, na kiwavi anaitumia akiwa mgonjwa. Ukimkuta kiwavi kwenye mmea ambao hujawahi kumwona nao, hiyo nayo ni sababu moja ya kuandika jina la mmea na usiukatalie.

Daftari sasa. Majina yaliyofika spishi ni machache, na sina wasiwasi nayo. Amerila, Cyana na Utetheisa wamebaki kwenye jenasi. Weupe wenye nukta wa Jumatano nimewaandika "Spilosoma au jirani", kila mmoja na picha ya tumbo na bawa la nyuma, maana kuwatenga vizuri kunahitaji kuchunguza viungo vya uzazi chini ya darubini, na sikuua nondo kwa ajili ya safari hii. Viwavi wadogo wa kijivu wameandikwa Arctiinae tu, pamoja na tarehe, mwinuko, na jina la mmea ambalo mwenzangu amelithibitisha leo asubuhi kutoka kwenye ua lililokauka. Kiwavi wa njiani wa Jumatatu hana mmea, kwa hiyo ameandikwa hivyo hivyo, na karibu naye nimeandika "anakimbia, mchana".

Kifukofuko kinabaki kwenye boksi la wavu, kivulini, bila kunyunyiziwa chochote isipokuwa siku za ukavu mwingi. Pembeni nimesimamisha kijiti kikavu chenye magamba, ili nondo akitoka apate pa kupanda na kuyaning'iniza mabawa yake yanyooke. Namba ya boksi ni ile ile ya picha za kiwavi na ya tawi la mmea. Jina la spishi nimeliachia mstari mzima.